Kabla Kikombe Hakijarudi Mezani

Mguu wangu ulikataa kutulia. Ulianza mara nilipoketi kwenye ukumbi wa vijana asubuhi ya Jumamosi, ukaendelea kutikisika chini ya meza mpaka vijiko vikawa vinalia kwenye visahani. Ansgar, mwenyekiti wetu, alikifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Ylva, umekuja mkutanoni au umekuja kushona? Huo mguu ni cherehani."

"Niache nishone. Kesho mchana utapata suti."

"Basi iwe na mifuko mikubwa. Nitahitaji mahali pa kuficha uso."

Alijua kinachokuja. Wote tulijua, ndiyo maana mikate ya mdalasini ilikuwa bado imejaa kwenye sinia na hakuna aliyeigusa.

Kazi yetu inaitwa Näver. Ni mfumo endeshi, ile programu mama inayoifanya kompyuta iamke na kusikiliza, nasi tunautengeneza kwa kujitolea na kuugawa bure. Mwaka ule nilikuwa msimamizi wa toleo jipya, na mkutano wa kulifunga toleo nikauita Närpes, kwetu, pwani ya magharibi ya Finland, kwa kuwa ufunguo wa ukumbi ulikuwa mfukoni mwa baba yangu. Wenzangu walikuja kutoka Kiel, Groningen, Tampere na kwingineko, wakakuta theluji ya Machi inageuka tope, na vitalu vya kioo vya nyanya vinawaka taa mashambani kana kwamba kila mkulima amefuga jua lake.

Jambo la kuamua lilikuwa moja: toleo jipya litaendeshwa kwenye mashine za aina gani. Prosesa, yaani chipu inayofikiri ndani ya kompyuta, zina lugha zao. Programu iliyojengwa kwa ajili ya aina moja, ukiiweka kwenye aina nyingine haina maana yoyote, ni kelele tupu. Kila aina unayoikubali unajitwisha kazi: inataka seva ya kuijengea programu zote upya, na inataka watu wa kuitia viraka kila tundu la usalama linapogunduliwa. Tulikuwa na aina tano. Nne hazikuwa na ubishi, dunia nzima inazitumia. Ya tano ilikuwa Korp, prosesa iliyoacha kutengenezwa nikiwa bado shule ya msingi.

Na Korp ilikuwa ya shangazi yangu.

Aliingia saa nne kasoro, shangazi Gunnevi, buti zimejaa tope, amebeba kreti ya nyanya. Akaitua katikati ya meza, juu ya karatasi za watu.

"Kuleni. Nyanya za kwanza za mwaka. Madirisha ya paa yanafunguliwa na Korp, maji yanapimwa na Korp. Kuleni mjue mnataka kumfukuza nani."

Mkutano mzima ulimwita shangazi, ingawa wa damu alikuwa wangu peke yangu. Jorrit, mtu wetu wa usalama, akachukua nyanya moja akaigeuzageuza.

"Shangazi, nikila hii nitakuwa nimekula hongo?"

"Utakuwa umekula nyanya, kwa mara ya kwanza maishani. Zile zenu za Groningen ni maji yaliyovikwa ngozi."

Watu wakacheka, mikate ikaanza kupungua. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Angeweza kuingia msibani akawafanya watu waombe chai ya pili. Ndiye aliyenifundisha kuandika msimbo, mezani kwake, nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwenye mashine ya Korp yenye kibodi iliyokuwa ikinuka majani ya nyanya.

Ansgar akafungua kikao. Niwaeleze utaratibu wetu, kwa kuwa kila kitu kiligeukia hapo. Sisi hatupigi kura. Kura huacha walioshindwa, na walioshindwa hawaji tena. Mwenyekiti hutaja jambo, huuliza kama kuna pingamizi, kisha hunyanyua kikombe chake na kunywa funda moja la kahawa. Kikombe kikirudi mezani bila mtu kusema neno, jambo limepita. Anayepinga lazima atoe sababu. Asiyepinga amekubali, na hawezi kurudi wiki ijayo na malalamiko. Kwa watu wanaosema kidogo kama sisi, ni utaratibu mzuri.

Aina nne zikapita kwa mafunda manne. Kisha Ansgar akaenda kujaza kikombe, akarudi, akasema, "Korp."

Jorrit akajifuta midomo. "Nina swali moja tu, na shangazi asinune. Leo nikimwambia kuna tundu kwenye Korp, nani ataliziba?"

"Mimi."

"Na ukiwa hospitalini?"

Hapo kila mtu akatazama sahani yake.

Sheria yetu inataka kila aina ya mashine iwe na watu wawili walioweka majina yao kwamba wataitunza toleo zima, miaka miwili. Kwenye toleo lililopita jina la pili la Korp lilikuwa la Folke, fundi wa redio wa hapa hapa kijijini. Folke hakuwa na mashine ya Korp hata moja. Aliandika jina kwa sababu shangazi alimwomba akiwa amekaa jikoni kwa shangazi, mkate wa shangazi uko mdomoni, na kwetu kumkatalia mtu katika hali hiyo ni kumvunjia heshima nyumbani kwake. Majina ya adabu, ndivyo ninavyoyaita. Yamejaa kwenye miradi ya watu waungwana.

Novemba tundu likagunduliwa. Shangazi alikuwa amelazwa, anawekewa nyonga ya chuma. Folke alikuwa amekwenda Hispania kuota jua na barua pepe zake hazikufunguliwa. Aina nyingine zote zikapata kiraka mara moja. Korp ikabaki wazi majira yote ya baridi, na kwenye ukurasa wetu majina mawili yakiwa yanang'aa.

Kule Korsnäs kulikuwa na mzee Valfrid, mwalimu mstaafu, aliyekuwa amehifadhi kwenye mashine ya Korp nyimbo za wazee wa vijiji vya pwani, waimbaji waliokwisha kufa wote. Alikuwa amezitoa kwenye kanda zake za zamani, na kanda zilipoota ukungu akazitupa. Mtu akaingia kupitia lile tundu, akafuta kila kitu. Pengine hakujua hata anafuta nini. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumweleza. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Lakini si palikuwa na majina mawili?"

Swali hilo lilikuwa likitembea nami tangu siku ile, na nadhani ndilo lililokuwa likiutikisa mguu wangu.

"Nyonga yangu sasa ni ya chuma," shangazi akamjibu Jorrit. "Haiumwi. Wewe chunga zako."

Wakacheka tena, ila si sana.

"Na msisahau," akaendelea, "Korp inasoma namba kuanzia upande mwingine. Mashine zenu zote nne zinaanzia mkiani. Yangu inaanzia kichwani, kama mtu anavyoandika kwa mkono. Mkiandika msimbo wa kizembe, zenu zitanyamaza kwa kuwa zote zina uzembe wa aina moja. Yangu itapiga kelele."

"Inapiga kelele mno," Jorrit akasema. "Wiki nzima sasa inajenga programu na haijamaliza. Hii ni prosesa au ni mgonjwa?"

Ansgar akagonga meza kwa kijiko. "Tufanye hivi. Kesho saa sita mchana tunafunga. Seva ya Korp iwe imemaliza kujenga, na jina la pili liwepo. Vikipatikana viwili hivyo, inabaki. Kikikosekana kimoja, inatoka. Kuna pingamizi?"

Akanywa. Kikombe kikarudi mezani.

Shangazi hakuwatazama wengine. Alinitazama mimi, akatabasamu, akanisogezea nyanya.

Mchana nikaenda naye shambani kuiangalia seva. Njia nzima nilifungua dirisha la gari, nikalifunga, nikalifungua.

"Una nini wewe? Kaa kama mtu."

"Nimekaa."

"Umekaa kama mtu aliyekalia sindano."

Seva iko kwenye chumba cha boila, nyuma ya vitalu, kwa sababu pale ni pakavu na joto la mashine haliendi bure. Ni kabati la chuma la rangi ya kijivu, refu kunizidi, na linavuma kama jokofu bovu. Kwenye skrini, mstari wa mwisho ulikuwa mwekundu. Ujenzi ulikuwa umesimama tangu alfajiri.

Moyo ukanishuka, kisha ukapanda, na nikaona haya kwa sababu kule kupanda kulikuwa ni nafuu. Nilijisemea: imekwisha, mashine yenyewe imeamua.

"Imeshindwa jaribio la programu ya kufuli," shangazi akasoma, miwani puani. "Ile sehemu mpya. Mmeiandika lini?"

"Mwezi uliopita. Na si kosa letu, shangazi, kwenye mashine nne imepita majaribio yote."

"Kaa hapa."

"Shangazi..."

"Nimesema kaa. Tusome."

Tukasoma. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, yeye hakunyanyuka mara moja. Programu ya kufuli ndiyo inayohakikisha kwamba anayebisha mlangoni ndiye anayedai kuwa. Kabla ya kuufungua ujumbe wa mgeni, inasoma kwanza ujumbe una urefu gani. Na pale kwenye kusoma urefu, mtu alikuwa amesoma nusu ya namba tu. Mashine zetu nne zinaanzia mkiani, kwa hiyo nusu ziliyoikuta ni ile ya tarakimu ndogo, na kwa ujumbe wa kawaida jibu lilitoka sahihi. Korp inaanzia kichwani, nusu yake ilikuwa sifuri, ikagoma pale pale.

Nikaona hatari yake kabla shangazi hajaitaja. Mtu mbaya akituma ujumbe unaodai urefu mkubwa kupita kiasi, mashine nne zingeona mkia tu, zingedhani ni kijiujumbe, na zingemwachia mlango. Mashine zote za Näver. Hospitali zinautumia. Mamangu anautumia.

"Haya," shangazi akasema, akavua miwani. "Nani mgonjwa sasa?"

Nikampigia Jorrit simu hapo hapo. Alisikiliza, akaniomba nirudie, akatukana kwa Kiholanzi, akakata simu akaanze kuziba. Shangazi alikuwa ameshawasha birika. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu hospitali, akawa anaimba chini kwa chini huku anatafuta vikombe. Akavuta droo kutafuta sukari. Ndani ya droo, juu ya kitambaa safi, kulikuwa na ubao mmoja wa saketi za Korp.

"Huo ndio wa akiba?" nikauliza.

"Ndio."

"Mwingine uko wapi?"

"Hakuna mwingine. Wa mwisho huo, nimeutoa kwa mjane mmoja Uswidi." Akaisukuma droo. "Kwa hiyo, jina la pili. Nimefikiria, na sioni sababu ya kumsumbua Folke."

"Shangazi, mimi sitaandika."

"Utakuwa unaandika jina tu. Kazi nitafanya mimi."

"Hivyo ndivyo ulivyomwambia Folke."

Akaweka kikombe mbele yangu. "Folke ni mtu wa redio. Wewe nimekulea kwenye mashine hii. Siku nikiondoka utaichukua."

"Siitaki. Naishi Tampere, chumba kimoja. Sina Korp, sitanunua Korp, na usiku wa Novemba nikiambiwa kuna tundu, nitaanza na mashine nne zinazotumiwa na watu wengi. Hiyo ndiyo kweli. Nikiandika jina nitakuwa nimedanganya."

"Hutaki leo."

"Sitataka na kesho. Nasema wazi ili usije ukasema sikusema. Sitaandika."

"Kunywa kahawa yako," akasema. "Inapoa."

Jumapili asubuhi ukumbi ulikuwa na uso mwingine. Jorrit alikuwa ameziba tundu, macho mekundu, ndevu zimechakaa. Akasimama, jambo ambalo huwa halifanyi.

"Nimekuja kula maneno yangu," akasema. "Ile mashine niliyoiita mgonjwa imetuokoa. Toleo lingetoka wiki ijayo na mlango wazi. Shangazi, nyanya zenu ni tamu na Korp yenu ina macho."

Watu wakagonga meza kwa ngumi, ndiyo makofi yetu. Shangazi akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea kitu alichokisubiri muda mrefu bila kukidai. Kwa kiraka kipya seva ilikuwa imeendelea, na saa tano na nusu ikamaliza kujenga programu ya mwisho. Ansgar akasoma tangazo hilo kwenye skrini, wakagonga tena. Mimi niligonga nao. Mkono uligonga, mguu ukatikisika.

Nilitoka nje mara mbili. Nilihesabu magari, nikasahau, nikahesabu tena. Nilirudi nikakuta kila mtu ameketi na Ansgar ana kikombe kilichojaa.

"Korp," akasema. "Ujenzi umekamilika. Jina la kwanza Gunnevi Rosenback. Jina la pili?"

"Ylva Rosenback," shangazi akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyotaja jina langu kwenye simu. Hakunitazama. Hakuwa na haja. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mpwa hawezi kumkanusha shangazi yake mbele za watu, katika ukumbi wa kijiji chao, watu wametoka kumpigia ngumi za meza. Sikuhitaji kusaini chochote. Nilihitaji kunyamaza tu.

Ansgar alinitazama, kidogo, akaona nilichotaka akione, au hakutaka kukiona, sijui. "Kuna pingamizi?"

Akanyanyua kikombe.

Nimekunywa kahawa na Ansgar miaka mitano, naye hunywa polepole. Kikombe kilipanda. Jorrit alikuwa ananitabasamia. Dada mmoja wa Tampere alikuwa ameshaanza kukunja skafu yake aondoke. Mguu wangu ulisimama. Ndilo jambo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba kwa mara ya kwanza tangu jana mguu ulisimama wenyewe, na ndani ya utulivu ule nikamsikia mzee Valfrid akiuliza kwa upole wake kama si palikuwa na majina mawili.

Kikombe kilikuwa kinashuka.

"Napinga."

Ansgar akakiacha kikombe hewani. "Sababu?"

Nikasimama. "Jina la pili si langu. Nilimwambia shangazi jana, chumbani kwa boila, kwa maneno haya haya. Sina mashine ya Korp na sitakuwa nayo. Jina langu likikaa pale, mtu mahali fulani atalisoma na kulala usingizi, na mimi sitakuwepo. Tulishamfanyia mtu mmoja hivyo. Mimi ndiye niliyeketi sebuleni kwake."

Shangazi aliuma midomo. "Ungenyamaza tu, mwanangu," akasema taratibu. "Nilichohitaji ni unyamaze tu."

"Ylva," Jorrit akasema, "Korp ndiyo iliyolipata tundu."

"Najua. Nilikuwa nimekaa mbele yake."

"Mwakani tundu kama lile litagunduliwa na nani?"

"Pengine hakuna. Hatutalipata, na tutalia. Silifichi hilo. Lakini Korp kututafutia makosa ni jambo moja, na sisi kumwambia mwenye Korp kwamba tunamlinda ni jambo jingine." Niligeuka nikautazama ukumbi mzima. "Kuna mtu hapa ataandika jina lake? Si kwa adabu. Mtu atakayeamka kwa ajili ya Korp shangazi akiwa hawezi. Jorrit? Umesema ina macho."

Jorrit akatazama nyanya zilizobaki. Dada wa skafu akakuta uzi umechomoka, akawa anaushughulikia. Wote walikuwa wameipenda Korp asubuhi ile, kwa moyo kabisa, na wote wakaangalia vikombe vyao.

Ansgar akawatazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Saa sita. Jina la pili halipo. Korp haimo kwenye toleo jipya. Toleo la zamani litaendelea kupata viraka mwaka mmoja. Kuna pingamizi?"

"Nina nyongeza," nikasema. "Viraka vya mwaka huo nitavitia mimi kabla sijagusa mashine nyingine, kwa kuwa mwaka mmoja naweza, na jina langu nitaliandika. Na kila Korp itakapowashwa imwambie mwenyewe, kwa maandishi makubwa, kwamba baada ya hapo hakuna anayemlinda. Baada ya mwaka, shangazi akitaka kuendelea kuijenga nje ya toleo, tutampa mahali pa kuweka kazi yake. Bila ahadi."

"Kama mbwa uani," shangazi akasema.

Hakuna aliyecheka. Ansgar akanywa. Kikombe kikarudi mezani.

Jikoni nilimkuta Ansgar anaosha vikombe, mikono ya shati imekunjwa, mgongo umenigeukia.

"Uamuzi ulikuwa sawa," akasema. "Namna ndiyo mbaya. Mama mtu mzima, mbele za watu wote. Ungemwambia nje."

"Nilimwambia nje."

"Basi muombe radhi kwa ile namna. Si kwa uamuzi. Neno moja, kila mtu anakwenda nyumbani ametulia. Unajua wanavyokutazama kule ndani?"

"Kama mtu aliyemtemea mate shangazi yake sahanini."

"Karibu na hapo." Akanipa kitambaa cha kufutia. "Msimamizi wa toleo anahitaji watu, Ylva."

Nikafuta kikombe kimoja. Nikafuta kile kile tena. Kisha nikaona kupitia dirishani shangazi anahangaika na kreti tupu kwenye mlango wa gari, nikaweka kitambaa, nikatoka.

Tope lilikuwa limelainika kwa jua. Nikashika upande mmoja wa kreti, yeye akashika mwingine, tukaisukuma ndani. Akafunga mlango, akabaki ameshika kitasa.

"Madirisha yangu ya paa," akasema. "Mwaka ukiisha yatafunguliwa na nini?"

"Jumatano nisubiri. Nitakuja na mashine mpya, tutayahamisha. Nitakaa mpaka yafunguke na kufunga yenyewe."

"Una likizo?"

"Nitaomba."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kwa kuhesabu moyoni. Akavua miwani akaipangusa kwa sweta, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mzee. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Sikuombi ubadilishe," akasema. "Mimi si mjinga, Valfrid nilimjua kabla yako. Droo ile naijua ina nini. Lakini umenisimamisha uchi mbele ya watu niliowalisha. Wako mle ndani bado. Ingia nami, useme samahani shangazi, wasikie. Basi. Mimi nitasema yamekwisha, na yatakuwa yamekwisha."

Nyuma yangu nilisikia mlango wa ukumbi unafunguka. Walikuwa wanatoka na mabegi yao, wakapunguza mwendo walipotuona, wakajifanya wanatafuta funguo.

"Unaumia, naona," nikamwambia. "Na mimi naumia. Hilo nitalisema popote, hata juu ya paa la kitalu."

"Sikuuliza unaumia. Nimekuomba uniombe radhi."

"Nilikukatalia tukiwa wawili, ukalichukua jina langu ukaliweka mezani tukiwa kumi na watano, ukijua nitanyamaza. Sikunyamaza leo, shangazi, na siku nyingine ukifanya hivyo sitanyamaza tena. Jumatano nitakuja saa mbili asubuhi. Nitakuja na bisibisi na mkate. Radhi siombi."